Uhariri na sauti: Kazi ya mwisho inayoigeuza filamu

KIJANA wa Kathiani aliyeingia katika ukumbi wa video miaka ya 2000 hakushangaa kukuta mpiganaji wa Hong Kong akizungumza Kiswahili cha mitaani. Picha zilikuwa zile zile zilizopigwa ng'ambo. Waigizaji hawakubadilika, wala mateke yao hayakupungua. Kilichobadilika kilikuwa sauti peke yake. Msimuliaji alimpa steringi jina jipya, akamkejeli adui kabla hajaanguka, akaeleza yaliyokuwa moyoni mwa mama asiyesema neno. Filamu iliyotoka kiwandani ikiwa ya huzuni iliweza kumalizika ukumbini kwa vicheko.

Watazamaji hao walikuwa wakishuhudia jambo ambalo wataalamu wa sinema huchukua miaka kulifundisha: kwamba filamu haikamiliki siku kamera inapozimwa. Kuna kazi nyingine, ifanywayo ndani ya chumba chenye kompyuta na vipaza sauti, ambayo yaweza kuinyanyua kazi dhaifu au kuiharibu kazi njema.

Kazi hiyo hujulikana kama ukamilishaji. Hufuata hatua mbili za awali, yaani maandalizi na upigaji picha, na ina sehemu mbili kuu: uhariri wa picha na utengenezaji wa sauti. Kwa vijana wa Machakos wanaotengeneza filamu fupi kwa simu na kamera ndogo, hii ndiyo hatua ambayo mara nyingi huwakuta mfuko ukiwa mtupu. Fedha huwa zimekwisha kwa nauli, chakula na kukodi kamera. Matokeo yake ni filamu yenye picha safi isiyosikika, na mtazamaji asiyesikia huondoka.

PICHA TATU, HADITHI MBILI

Ili kufahamu nguvu ya uhariri, tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha vijana kimepiga picha tatu katika stendi ya magari ya Kathiani. Ya kwanza ni uso wa bibi aliyeketi na kiondo mapajani. Hacheki wala halii. Ya pili ni matatu ikisimama na abiria wakishuka. Ya tatu ni barabara tupu yenye vumbi.

Mhariri akianza na barabara tupu, kisha uso wa bibi, kisha matatu, mtazamaji ataelewa kwamba bibi amengoja kwa muda mrefu na sasa anayemngojea amewasili. Uso ule utaonekana umejaa matumaini.

Akizipanga kinyume, matatu kwanza, kisha uso, kisha barabara tupu, hadithi hugeuka. Abiria wameshuka, bibi ametazama, na aliyetarajiwa hakuwemo. Uso ule ule sasa utaonekana wenye uchungu, ingawa mwigizaji hakufanya lolote jipya.

Jambo hili liliwahi kuonyeshwa na Mrusi Lev Kuleshov, mwelekezi na mwalimu wa sinema, karibu miaka 100 iliyopita. Alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na kuiunganisha kwa zamu na picha za vitu tofauti, kama vile bakuli la mchuzi na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa mahali pamoja na majonzi mahali pengine, kumbe uso ulikuwa mmoja. Tangu hapo wanafunzi wa sinema hufundishwa kwamba maana hukaa katika mshono unaounganisha picha mbili zaidi ya inavyokaa ndani ya picha moja.

MHARIRI HUFANYA NINI

Kazi ya kwanza ya mhariri ni kuchagua. Tukio moja huenda limerudiwa mara tano au kumi, na kila mara pana tofauti ndogo: jicho limeinuka mapema, neno limetamkwa kwa upole zaidi. Mhariri hutazama yote na kuteua.

Ukubwa wa kazi hii waweza kupimwa kwa filamu ya Kimarekani Apocalypse Now ya mwaka 1979, iliyoelekezwa na Francis Ford Coppola. Wahariri wake, miongoni mwao Walter Murch, walipokea zaidi ya futi milioni moja za utepe wa filamu, ambazo ni zaidi ya saa 200 za kutazama. Kilichofika katika majumba ya sinema kilikuwa takriban saa mbili na nusu.

Kazi ya pili ni kupima muda. Picha ikikatwa mapema, mtazamaji hubaki na shauku. Ikikawia, humpa nafasi ya kutafakari au humchosha. Katika mfano wa bibi wa Kathiani, uso wake ukionyeshwa kwa sekunde mbili ni taarifa tu. Ukikaa kwa sekunde nane, mtazamaji huanza kukumbuka watu aliowahi kuwangoja yeye mwenyewe.

Kazi ya tatu ni kupanga mfuatano wa matukio. Mara nyingi filamu inayosuasua huokolewa kwa kuondoa dakika zake za kwanza. Waandishi chipukizi hupenda kueleza mhusika ni nani, anatoka wapi na amesoma wapi kabla ya jambo lolote kutokea. Mhariri mkali huanza pale shida inapoanzia, na maelezo yakabaki kidogo kidogo njiani.

SAUTI NA TABAKA ZAKE

Watu husema wanakwenda 'kutazama' filamu, lakini sehemu kubwa ya hisia zao huingia kwa masikio. Mtazamaji huweza kuvumilia picha yenye giza kidogo au inayotikisika. Mazungumzo yaliyomezwa na upepo hayavumiliki, kwa sababu huvunja uzi wa hadithi.

Sauti ya filamu hujengwa kwa tabaka. La kwanza ni mazungumzo. Haya husafishwa, husawazishwa ili mmoja asipige kelele na mwingine akanong'ona, na pale yalipoharibika kabisa mwigizaji huitwa studioni kuyatamka upya huku akitazama midomo yake mwenyewe. Kazi hii huhitaji uangalifu. Video za Kenya kwa kawaida huwa na picha 25 kwa kila sekunde, na sauti ikichelewa kwa picha chache tu jicho huanza kushuku.

Tabaka la pili ni sauti ya mazingira. Kila mahali pana mvumo wake, hata panapodhaniwa kuwa kimya. Chumba cha mabati hakilii kama chumba cha mawe, na stendi ya magari alfajiri si sawa na stendi hiyo hiyo siku ya soko. Mvumo huu ukikosekana, kila mkato wa picha husikika kama shimo.

Tabaka la tatu ni vishindo vidogo: hatua, mlango, nguo, kikombe kikiwekwa mezani. Vingi havinaswi vizuri wakati wa kupiga picha, hivyo hutengenezwa baadaye na fundi anayetazama picha na kuiga kila tendo. Ufundi huu huitwa foli, kutokana na jina la Jack Foley, Mmarekani aliyeanza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920 sinema zilipoanza kusema. Vifuu viwili vya nazi vikigongwa kwenye udongo huwa kwato za punda anayebeba mitungi ya maji, na hakuna mtazamaji atakayeuliza punda alikuwa wapi.

Tabaka la nne ni muziki. Huu ndio wenye nguvu za haraka zaidi na ndio unaotumiwa vibaya zaidi. Chini ya picha ya bibi wetu stendini, zikipigwa ngoma za kilumi kwa mbali, mtazamaji wa Ukambani atahisi kwamba jambo la mizimu au maombi ya mvua limo ndani ya hadithi. Ikiwekwa benga ya magitaa mawili, atatarajia mtoto kurudi na zawadi. Kinanda cha huzuni kilichochotwa mtandaoni kitamwambia alie, na huenda akakataa kwa kuwa ameona anasukumwa.

Tabaka la tano ni kimya. Fundi mzuri hujua mahali pa kuondoa kila kitu. Kelele za makanga, honi na redio za stendini zikififia taratibu bibi anapotambua kwamba mwanawe hakuja, mtazamaji huingizwa ndani ya kichwa chake bila neno kusemwa.

Sauti pia huweza kuitangulia picha. Mtazamaji aweza kusikia kengele ya kanisa akiwa bado anaona stendi, kisha ndipo picha ikahamia kanisani. Mbinu hii ndogo hulainisha mkato na kuziunganisha sehemu mbili za hadithi, na haihitaji hata shilingi moja.

FILAMU ILIYOKWISHA, IKAANZA UPYA

Kuna filamu ambazo ziligeuzwa baada ya kumalizika kabisa na kuonyeshwa hadharani. Mfano mashuhuri ni Touch of Evil ya mwelekezi Orson Welles. Kampuni iliyoimiliki iliihariri bila ridhaa yake na kuitoa mwaka 1958. Welles alikuwa ameitazama na kuandika waraka wa kurasa 58 akieleza mabadiliko aliyoyataka, lakini mengi hayakufuatwa. Alifariki mwaka 1985.

Mwaka 1998, Walter Murch aliihariri upya filamu hiyo kwa kuufuata waraka ule. Hakukupigwa picha mpya ya kubadilisha hadithi. Badiliko moja linatosha kuonyesha uzito wa kazi. Filamu huanza kwa picha moja ndefu ya zaidi ya dakika tatu, ikifuata gari lililotegwa bomu mpakani mwa Mexico na Marekani. Katika toleo la 1958, majina ya waigizaji yalipita juu ya picha hiyo na muziki wa Henry Mancini ukatawala. Katika toleo la 1998, majina yaliondolewa na muziki ule ukatolewa. Badala yake husikika redio ya gari, muziki wa baa zinazopitwa, na kelele za barabara zikibadilika kadiri kamera inavyosonga. Mtazamaji hana tena majina ya kusoma. Hubaki akilifuatilia gari na kungoja mlipuko.

Apocalypse Now nayo ilirudi mwaka 2001 ikiwa na takriban dakika 49 za ziada, na kisha mwaka 2019 katika toleo jingine lililo fupi kuliko hilo la 2001. Hadithi ni ile ile, lakini matoleo hayo matatu hayaachi moyoni hisia moja.

WASIMULIAJI WA AFRIKA MASHARIKI

Katika ukanda huu, ugeuzaji wa filamu kwa sauti una historia ndefu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu ulioendeshwa na Waingereza kutoka Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu zisizo na sauti na kuziambatisha na sahani za santuri zenye maelezo katika lugha mbalimbali za Waafrika. Filamu moja iliweza hivyo kusema lugha tofauti katika kila wilaya.

Baadaye, kitengo cha filamu cha serikali ya Uingereza kwa ajili ya makoloni, kilichofanya kazi kuanzia 1939 hadi 1955, kilitegemea sana wafasiri waliosimama kando ya pazia na kueleza picha kwa lugha ya wenyeji. Serikali ilikusudia kufundisha kilimo na usafi, lakini neno la mwisho lilikuwa la mwenye kipaza sauti.

Kuanzia miaka ya 1980 nchini Uganda, wasimuliaji wa kumbi za video waliitwa VJ, na VJ Jingo akawa miongoni mwa waliovuma zaidi. Nchini Tanzania, Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijipatia wapenzi kwa kuzisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni na kuziuza katika kanda. Nchini Kenya, jina lililotanda sokoni na katika matatu ni la DJ Afro.

Wasimuliaji hawa hawakuwa wafasiri wa kawaida. Waliongeza methali, wakatania wahusika, wakahamisha Bangkok au Mumbai hadi mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam. Kwa mtu asiyejua Kiingereza wala Kichina, ndio waliomfungulia mlango wa sinema.

Kisa cha Who Killed Captain Alex? cha mwaka 2010 ndicho chenye funzo kubwa zaidi. Filamu hiyo ilitengenezwa na Isaac Nabwana katika kitongoji cha Wakaliga, Kampala, kwa kiasi kidogo mno cha fedha, silaha zake zikiwa za kuchongwa. Nakala ya awali haikuhifadhiwa. Toleo lililobaki na kuenea duniani kupitia mtandao ni lile lenye sauti ya VJ Emmie, ambaye huisifu, huichekesha na kuwahimiza watazamaji tangu mwanzo hadi mwisho. Leo ni vigumu kutenganisha filamu na msimuliaji. Sauti iliyoongezwa baadaye imekuwa ndiyo filamu yenyewe.

HAKI NA MIPAKA

Nguvu ya namna hii ina hatari zake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwenye kazi mamlaka juu ya kunakiliwa, kutafsiriwa na kubadilishwa kwa kazi yake. Msimuliaji anayeuza filamu ya mtu mwingine bila idhini, hata awe na kipaji namna gani, yumo katika eneo la mgogoro. Vivyo hivyo kijana anayechukua wimbo maarufu na kuuweka chini ya filamu yake aweza kujikuta kazi yake imeondolewa mtandaoni.

Hatari ya pili ni uongo. Katika filamu ya hali halisi, kukata jibu la mzee katikati na kuliunganisha na swali ambalo hakuulizwa ni kumsingizia. Mkato hauonekani, na mtazamaji hana njia ya kujitetea.

Hatari ya tatu ni shinikizo. Mwaka 2018, Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini Kenya iliipiga marufuku filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa kuubadilisha mwisho wake, uliohesabiwa kuwa wenye matumaini kupita kiasi, naye akakataa. Mnamo Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisitisha marufuku hiyo kwa siku saba. Mtu awe na maoni yoyote kuhusu filamu hiyo, mzozo wenyewe ulithibitisha kwamba pande zote mbili zilijua dakika chache za mwisho zinaweza kugeuza maana ya yote yaliyotangulia.

YANAYOWEZEKANA KATHIANI

Serikali ya kaunti ya Machakos, chini ya gavana wa kwanza Alfred Mutua, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022, iliitangaza kaunti hiyo kuwa makao ya sinema kwa jina la Machawood. Jina huvutia, lakini filamu hutengenezwa na watu wenye ujuzi. Habari njema ni kwamba vifaa vya ukamilishaji vimeshuka bei kuliko kifaa kingine chochote cha sinema. Programu ya DaVinci Resolve ina toleo la bure la kuhariri picha na sauti, na Audacity ya kushughulikia sauti haina malipo.

Kwa anayeanza, hatua chache huokoa mengi. Sauti inaswe karibu na kinywa. Simu ya pili iliyofichwa ndani ya shati la mwigizaji hunasa vizuri kuliko kamera iliyo mita tano mbali. Kofi moja lipigwe mbele ya kamera kabla ya kila tukio ili picha na sauti zilinganishwe baadaye. Mtu mmoja avae visikizio muda wote na awe na ruhusa ya kusimamisha kazi upepo wa milima ya Iveti unapovuma. Kabla ya kuondoka mahali popote, kila mtu anyamaze na mvumo wa mahali hapo urekodiwe kwa muda wa nusu dakika hadi dakika nzima.

Chumbani, picha zihaririwe hadi mwisho kabla ya sauti kuanza kujengwa, la sivyo kila mkato mpya utavuruga kazi ya sauti. Muziki uwekwe mwisho, na usizidi mazungumzo. Filamu isikilizwe kwa vipaza sauti vikubwa na pia kwa simu ya bei nafuu, kwani huko ndiko wengi wataitazamia. Kisha iachwe kwa siku kadhaa na kuonyeshwa kwa mtu asiyeijua hadithi. Pale anapouliza 'huyu ni nani?' au anapoitazama saa yake, ndipo mkasi unapohitajika.

Mwisho, nakala mbili zihifadhiwe katika vifaa viwili na mahali pawili. Wenye Captain Alex walibahatika kubakiwa na nakala ya msimuliaji. Kikundi cha Kathiani ambacho nakala yake pekee imo ndani ya simu moja hakina hakika ya bahati hiyo.

Na kabla ya yote hayo, bajeti iandikwe kuanzia mwisho. Mwenye shilingi chache atenge kwanza fungu la uhariri na sauti, ndipo agawanye zilizobaki kwa kamera, nauli na chakula. Siku moja pungufu ya kupiga picha yaweza kuzibwa na mhariri stadi. Filamu isiyosikika haina wa kuiziba.